Neno la Sheria Lisiwe Fumbo

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lilikuwa jambo kubwa, nasi twalisifu. Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili kwa miaka mingi, lakini mwananchi aliyekata rufaa hadi Mahakama Kuu alikuta shauri lake mwenyewe likiandikwa kwa lugha asiyoijua.

Hata hivyo, twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu kwamba kuandikwa kwa Kiswahili si sawa na kueleweka. Yapo maneno ya sheria yenye sura ya maneno ya kila siku, kumbe maana yake ni nyingine. Hapo ndipo wengi hujikwaa.

Tuchukue neno "tuzo". Mtaani, tuzo ni zawadi ya kazi njema. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, tuzo ni uamuzi unaozifunga pande zote mbili. Mfanyakazi aweza kupewa tuzo isemayo kwamba hana haki hata ya senti moja. Wala usuluhishi na uamuzi si mamoja. Msuluhishi hupatanisha, wala hana uwezo wa kumlazimisha mtu akubali mapatano. Mwamuzi husikiliza ushahidi na kukata shauri. Lakini aliyetia sahihi mapatano mbele ya msuluhishi amejifunga. Asitazamie kurudi kesho akasema hakujua alichosaini.

Tena kuna hesabu ya siku. Kanuni za Tume za mwaka 2007 zilimpa mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali siku 30 za kupeleka shauri lake. Anayezimaliza akibembeleza ofisini hulazimika kwanza kuomba kuchelewa kwake kusamehewe, na kutoa sababu za kuridhisha.

Katika jinai pia, mtuhumiwa ni mtu anayeshukiwa, na mshitakiwa ni yule aliyekwisha kusomewa mashitaka. Wote wawili hawajawa wakosaji. Katiba, ibara ya 13, yakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitishwa. Na dhamana si faini. Ni ahadi kwamba mshitakiwa atarudi mahakamani.

Wapo wanasheria wasemao kwamba taaluma yao haiwezi kuacha maneno yake. Hatuwapingi. Fundi wa magari naye ana majina ya vyuma vyake, lakini gari likiharibika humweleza mwenye gari lina nini. Nao na wafanye vivyo hivyo.

Kwa hiyo twavitaka vyama vya wafanyakazi viyafundishe maneno haya katika matawi, na walimu wayaeleze mashuleni. Wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, waitwe mahali pa kazi. Na kila mfanyakazi, kabla ya kutia sahihi, aulize maswali matatu: Karatasi hii yanifunga kwa jambo gani? Nina siku ngapi? Nisiporidhika, niende wapi? Asiyejibiwa asitie sahihi. Kuuliza si ujinga wala si ukaidi. Ni kuilinda riziki ya watoto wake.