Tarakilishi yako hailali? Iulize ni nani anayeiamsha

Leo tuziweke kando habari za simu mpya, tuzungumzie kero ndogo ambayo watu wengi wameizoea kimyakimya: tarakilishi ya mezani inayokataa kulala. Bila shaka unaijua. Unaiamuru ilale, skrini inazimika, unaondoka. Dakika mbili baadaye feni inavuma tena. Au unaiacha saa nzima bila kuigusa na haisinzii hata kidogo. Au inalala vizuri, lakini asubuhi ukibonyeza kitufe taa inawaka, feni inazunguka, na skrini inabaki giza totoro.

Ushauri utakaoupata mtaani ni mmoja tu: "Ifomatiwe." Mimi ninapinga ushauri huo. Msimamo wangu ni kwamba tarakilishi isiyolala mara nyingi si mbovu. Inatii amri, ila amri hiyo haikutoka kwako. Kwa hiyo kabla ya kufuta kila kitu na kuanza upya, iulize ni nani anayeiamuru. Itakujibu.

Kwanza tuelewe usingizi wenyewe. Zamani shughuli hii ilisimamiwa na mpango ulioitwa APM, uliotolewa na Intel na Microsoft mwaka 1992. Mwaka 1996 kampuni hizo mbili pamoja na Toshiba zikaleta ACPI, ambao ndio msingi tunaoutumia hadi leo. ACPI hupanga hali za mashine kwa namba. S0 ni macho. S3 ndio usingizi wa kawaida: karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa kumbukumbu ya RAM, ambayo inaendelea kupewa umeme kidogo ili isisahau ulichokuwa ukifanya. S4 ni usingizi mzito: yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa kwenye diski, kisha mashine inazimika. S5 ni kuzimwa.

Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina hali nyingine tena. Hazitumii S3. Zinabaki kwenye S0 lakini zimepunguza pumzi, kama simu iliyo mfukoni. Wazo hili lilifika kwenye Windows 8 mwaka 2012. Ubaya wake ni kwamba mashine "iliyolala" hivyo bado inaweza kufanya kazi zake gizani bila wewe kujua.

Sasa tuje kwenye maswali. Kwenye Windows, fungua dirisha jeusi la amri ukiwa na mamlaka ya msimamizi, kisha andika:

powercfg /requests

Hii inakuonyesha programu na vifaa vinavyozuia usingizi sasa hivi. Ikiwa mashine inaamka yenyewe, andika:

powercfg /lastwake

Hapo utaambiwa nani aliiamsha mara ya mwisho. Kuna nyingine tatu za kukumbuka: "powercfg /waketimers" huonyesha saa za kengele zilizotegwa, "powercfg /devicequery wake_armed" huorodhesha vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha, na "powercfg /a" husema mashine yako inajua aina zipi za usingizi. Wenye Linux, andikeni "systemd-inhibit --list" kuona wanaozuia, na msome faili /proc/acpi/wakeup kuona wenye ruhusa ya kuamsha. Wenye Mac, ni "pmset -g assertions".

Nitatoa mfano. Mama mmoja mwenye duka la fotokopi na kupiga chapa mjini Thika alinieleza kwamba mlinzi wa usiku huona mwanga wa skrini dirishani, ilhali duka limefungwa. "Kijana wangu," akaniambia, "hii mashine ina majini." Fundi alikuwa ameshapendekeza kuifomati, pamoja na barua zote za wateja zilizokuwamo. Tukaiuliza swali la pili hapo juu. Jibu likawa kadi ya mtandao. "Mama, haina majini," nikamwambia, "ina waya wa mtandao."

Mambo yalikuwa hivi. Kadi ya mtandao hubaki macho hata mashine ikilala, ili mtu aweze kuiamsha akiwa mbali. Amri rasmi ya kuamsha ni ujumbe mfupi wa baiti 102: baiti 6 zenye thamani ya juu kabisa, kisha anwani ya kadi yenyewe ikirudiwa mara 16. Hakuna anayeweza kuutuma kwa bahati mbaya. Lakini kadi nyingi pia huruhusiwa kuamka kwa ujumbe wa kawaida, na kwenye mtandao wa duka vifaa husalimiana usiku kucha. Kila salamu ilikuwa kama mtu anayegonga mlango. Dawa ilikuwa kuingia kwenye orodha ya vifaa, kufungua sifa za kadi hiyo, ukurasa wa umeme, na kuweka alama kwenye sehemu inayosema iamshwe na ujumbe ule rasmi peke yake. Kazi ya dakika tano, na hakuna barua hata moja iliyofutwa.

Mshukiwa mwingine ni kipanya. Kikitikiswa kidogo tu, mashine inafikiri umerudi. Mnyime ruhusa ya kuamsha, umwachie kibodi. Wa tatu ni sauti: ukurasa wa redio ulioachwa wazi kwenye kivinjari unatosha kuifanya mashine ikeshe, kwa sababu mfumo huona kuna sauti inayotumika. Na ile ya skrini kubaki giza baada ya kuamka? Hapo anza na programu endeshi ya kadi ya picha, kisha BIOS ya ubao mama. Angalia pia pawasaplai, maana ndiyo inayotoa umeme wa kuilisha RAM wakati wa usingizi. Ikiyumba, RAM inasahau na hakuna cha kuamkia.

Mgala muue na haki mpe: majibu yote haya yamo ndani ya mfumo, bure. Lawama yangu ni kwamba yamefichwa kwenye dirisha jeusi ambalo yule mama wa Thika hawezi kulijua. Mfumo unaofahamu kwamba redio ndiyo inayouzuia kulala ungeweza kuandika hivyo kwenye skrini, kwa maneno matatu. Badala yake unakaa kimya na mtu anadhani mashine yake imerogwa.

Lawama ya pili ni yetu sisi waandishi wa programu. Windows inatupa njia ya kuomba mashine isilale, kwa mfano mtu anapotazama filamu au anaponakili faili kubwa. Ni ombi la haki. Lakini ombi hilo hudumu hadi programu iliondoe au ifungwe. Na zipo programu ambazo hazifungwi kamwe. Hukaa pembeni karibu na saa, zikishikilia ombi mchana na usiku, hata kama hakuna filamu wala faili. Vivinjari vimetuonyesha njia bora zaidi: ukurasa wa wavuti ukiomba skrini isizimike, ombi hilo huondolewa lenyewe mara tu unapohamia ukurasa mwingine. Kwa nini programu za mezani zisifuate kanuni hiyo?

Najua kuna watakaosema, "Izime tu uende zako." Ni kweli, kwa wengi hilo latosha. Lakini fahamu kwamba tangu Windows 8 kuzima nako si kuzima kabisa. Kwa kawaida kiini cha mfumo huandikwa kwenye diski ili mashine iwake haraka kesho yake, kwa hiyo hitilafu ya leo inaweza kuamka nawe kesho. Ukitaka mfumo uanze upya kweli, chagua kuwasha upya. Wengine watasema mashine huamshwa usiku ili ipate masasisho ya usalama. Masasisho ni muhimu, sibishi. Lakini aniulize kwanza. Umeme ni wangu.

Na umeme ndio kiini cha jambo hili kwetu Kenya, ambako wengi tunanunua tokeni. Fanya hesabu. Tuseme tarakilishi inakula wati 60 ikiwa macho bila kazi, na duka limefungwa saa 14 kila siku. Kwa siku 30 hiyo ni yuniti 25 na ushei. Ikilala kwa S3, ikala wati 3, ni yuniti 1 na robo hivi. Zidisha tofauti hiyo kwa idadi ya mashine za saiba au maabara ya shule, kisha uzidishe kwa bei ya tokeni zako. Kuna vitabu vya maktaba vinavyoliwa na mashine zinazokesha.

Tena, S3 ina udhaifu ambao watengenezaji hawaupi uzito kwa sababu kwao stima haipotei mara kwa mara. Stima ikikatika, RAM inasahau kila kitu, na ripoti ambayo hukuihifadhi imekwenda. Ndiyo maana watu wengi hapa huogopa kulaza mashine. Kuna dawa: S4, au usingizi mseto uliokuja na Windows Vista, ambao unaandika kila kitu kwenye diski na wakati huohuo unaiweka RAM macho. Stima ikibaki unaamka haraka, ikipotea unaamka polepole lakini kazi yako ipo. Angalia kwa "powercfg /a" kama mashine yako inaukubali. Kwa tarakilishi ya mezani isiyo na betri, mimi ningependa usingizi wa aina hii uwe ndio wa kwanza kuchaguliwa katika kila mashine inayouzwa hapa.

Kwa hiyo, mwenzangu, mashine yako ikikataa kulala usikimbilie kumwita fundi wa kufomati. Anza na swali la nani anazuia, kisha nani ameamsha. Mnyime ruhusa asiyeistahili, mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila badiliko jaribu tena usiku mmoja. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja hutajua ni lipi lililoponya.

Umeinunua mashine kwa pesa zako na unailisha kwa tokeni zako. Saa ya kulala uipange wewe. Nawatakia usiku mwema, nyinyi na tarakilishi zenu.