Ndizi ya Dola Milioni Sita
Jamani, eti ndizi moja iliyobandikwa ukutani kwa utepe wa gundi! Novemba 2024, katika mnada wa Sotheby's, New York, kazi hiyo ya Mwitaliano Maurizio Cattelan iliuzwa dola milioni 6.2, ada ikiwemo. Ndizi yenyewe ilitoka kwa muuza matunda wa mtaani, senti 35. Mnunuzi akaila, wala hakula hasara: alichonunua ni cheti na maelekezo ya kubandika nyingine.

Mwaka 2019 nakala mbili ziliuzwa dola 120,000 kila moja. Tangu hapo kazi iliongezewa nini? Sifuri! Soko halipimi usanii. Lapima jina na ubishi wa matajiri.

Basi wachapishaji wanaoturudishia miswada yetu eti majina hayajulikani, wasiuite huo uhakiki. Ni udalali.