Anawajua ng'ombe wote, lakini "baba" anaisoma "dada"

Yuko darasa la tano. Asubuhi kabla ya shule anawatoa ng'ombe wa babu yake zizini, na anajua yupi ana mimba na yupi amechanganyika kutoka kwa jirani. Usiku anasimulia hadithi za bibi kwa Kiiraqw mpaka wadogo zake wanasahau ugali kwenye sahani. Lakini likifunguliwa daftari la Kiingereza, ghafla anabanwa na haja ndogo.

Mwalimu ameandika "hajitumi". Baba amechoka: "Huyu mvivu, bora akachunge."

Mtoto wa namna hii yupo katika vijiji vingi vya Mbulu na Hanang, na huenda tatizo lake si uvivu hata kidogo. Wataalamu huliita disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao wa kuunganisha herufi na sauti zake. Si ugonjwa wa macho, wala si upungufu wa akili. Mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Ukiulizia vizuri unaweza kumkuta mjomba, au baba huyohuyo anayefoka, aliyeacha shule kwa sababu ileile.

Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu na mzuri wa hesabu, aliyeshindwa kusoma hata maneno mafupi baada ya miaka ya kufundishwa. Mwalimu wake aliona kwamba kama masomo yangekuwa ya mdomo tu, angekuwa kinara wa shule. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado wapo watoto wanaochapwa kwa jambo hilohilo.

Huku Manyara tatizo lina mahali pazuri pa kujificha. Mtoto wa Mbulu huanza na Kiiraqw, wa Hanang pengine Kidatoga. Kiswahili wengine hukizoea shuleni, kisha Kiingereza kinapandishwa juu yake. Akikwama, watu husema ni lugha tu, atazoea. Wakati mwingine ni kweli. Kipimo kizuri ni watoto wa jirani wanaozungumza lugha ileile nyumbani. Kama wao wanasoma Kiswahili, na yeye baada ya miaka mitatu bado anasoma "baba" kama "dada", anaruka mistari na kuandika neno moja kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, hapo kuna jambo. (Kugeuza b na d peke yake kwa mtoto wa miaka sita si ajabu. Wengi hupita hapo.)

Kiingereza ndicho humwanika. Kwa Kiswahili "a" ni "a" popote iendako. Hata Tlawi, jina linalowashinda wageni ulimi, mtoto wa Mbulu huliandika anavyolisikia. Lakini "a" ya cat si ya cake wala ya call, na kwenye knife ile k imeandikwa halafu haitamkwi. Aliyekuwa anajikongoja kwa Kiswahili huanguka hapo. Na sekondari karibu kila somo linamsubiri kwa Kiingereza. Anaweza kufeli hata baiolojia aliyojifunza kwa mikono yake zizini.

Kwanza apimwe macho na masikio hospitalini, ili hayo yaondolewe kwenye hesabu. Kisha mzazi aende shuleni, si kulalamika, maana mwalimu mwenye wanafunzi sabini naye ana mzigo wake. Maneno machache yanatosha: "Mwalimu, huyu akiulizwa kwa mdomo anajibu. Naomba asisimamishwe ghafla kusoma mbele ya wenzake. Apewe kifungu siku moja kabla, aje nacho nyumbani." Kukaa mbele, kupunguziwa ya kunakili ubaoni na kujibu baadhi ya maswali kwa mdomo havihitaji bajeti.

Nyumbani, dakika kumi kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi zenye machozi. Maneno matano kwenye vipande vya boksi, yaandikwe kwa kidole mchangani huku akiyatamka. Kwa b na d, neno bed lenyewe limekaa kama kitanda: b ni kichwani, d ni miguuni. Mzazi asiyejua Kiingereza amwombe mwalimu asome kifungu, akirekodi kwenye simu; mtoto asikilize huku kidole kikifuata maneno.

Halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 uliwekwa kwa ajili ya watoto kama huyu pia. Kuhusu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Wa kuulizwa ni mwalimu mkuu, na aulizwe kabla ya usajili. Wiki ya mtihani atakuwa hana la kufanya.