Git Inasingiziwa

Kozi ya sayansi ya data ikianza, wiki ya kusakinisha Git huwa na malalamiko yale yale. Mengi yanaibebesha Git mizigo isiyo yake.

"Inakula bando." Git ni programu iliyo ndani ya laptopu yako. Ukiandika `git init` kwenye folda ya kazi, inaunda folda iliyofichwa, `.git`, na historia yote inakaa humo; folda ya kazi sasa ni repo. `git add`, `git commit`, `git log` na `git diff` hazihitaji mtandao hata kidogo. Bando linaliwa unaponakili repo ya kozi, unapopeleka kazi kwa `git push` au kuivuta kwa `git pull`. Wanaolalamika wanaichanganya na GitHub. Git aliianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux; GitHub ni huduma ya mtandaoni iliyofunguliwa 2008, na leo ni mali ya Microsoft.

"GitHub imekataa nywila yangu, akaunti imeharibika." Akaunti ni nzima. Tangu Agosti 2021 nywila ya akaunti haipokelewi kwenye `git push`. Tengeneza tokeni, au ufunguo wa SSH kwa `ssh-keygen`. Unaoupeleka GitHub ni ule wa faili inayoishia na `.pub`, na mwenzake humpi mtu, hata mwalimu.

"Google Drive inatosha." Kwa ripoti, sawa. Kwa uchambuzi, hapana. Tuseme wastani wa umri kwenye grafu ulikuwa 34 jana na leo ni 6. Drive itakurudishia faili la jana, lakini kilichobadilika utakitafuta mwenyewe. `git diff` inakuwekea mistari miwili mbele ya macho:

`- df = df[df["umri"] < 100]`
`+ df = df[df["umri"] < 10]`

Sifuri moja imedondoka. Na kama kila komiti ina ujumbe wa maana, mwenzako wa kikundi atajua mstari ule uliwekwa na nani na kwa nini. Ujumbe wa "mabadiliko" haumsaidii mtu.

"Weka kila kitu kwenye repo, data pia." Ushauri huu ndio unaoumiza watu usiku wa kukabidhi kazi. GitHub inakataa faili linalozidi MB 100, na kulifuta kisha kukomiti tena hakusaidii, kwa sababu bado limo kwenye komiti ya nyuma. Nywila ya hifadhidata iliyoandikwa kwenye kodi ni vivyo hivyo: ukishaipeleka, kufuta mstari hakutoshi, badilisha nywila yenyewe. Orodhesha mafaili ya aina hiyo kwenye `.gitignore` kabla ya komiti ya kwanza.

"Git na Jupyter haziivi." Hapa walalamikaji wana haki yao. Daftari la Jupyter, yaani faili la `.ipynb`, ni JSON iliyobeba kodi pamoja na majibu na picha. Ukiliendesha upya tu, Git inaona mabadiliko. Wawili wakihariri daftari moja, alama za `<<<<<<<` huingia katikati ya JSON na daftari linakataa kufunguka. Sakinisheni `nbstripout`, ambayo huondoa majibu kabla ya kukomiti, hamishieni funksheni ndefu kwenye faili za `.py`, na mkubaliane mapema nani anashika daftari lipi.