GARI LETU LINACHEMKA KWA SABABU YA BODI, SIYO INJINI

Ndugu wanachama,

Tangu gari la ushirika ligonge mti pale mtoni tumesikia maneno mengi. Wapo wanaosema injini imekwisha. Wapo wanaotaka rejeta mpya. Wapo hata wanaosema liuzwe chuma chakavu, na wengine wameshaanza kutaja bei. Sisi tunayapinga maneno hayo yote, na sababu tunaziandika hapa ubaoni ili kila mtu asome kabla ya mkutano wa Jumamosi. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Gari letu ni Land Rover 109, Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Ni zee, hatukatai. Lakini kabla ya mti lilikuwa linapanda mlima na magunia ya kahawa bila kuchemka. Sasa tuulizane: kwani injini ilizeeka siku ile ile ya mti?

Kilichotokea ni hiki. Mti uliingia katikati ya taa. Ile fremu ya chuma ya mbele inayoshika rejeta ikarudi nyuma, na rejeta ikainama. Kava la feni likapasuka, na fundi wa kwanza akalitupa ati halina kazi. Shoo ikavunjika. Gereji moja ya mjini ikachomelea bati zima mahali pa shoo, ikatoboa vitundu kama chekecheo, ikapiga rangi. Tukaambiwa gari limepona. Lilipakwa poda tu!

Hewa ni kama maji, hufuata njia rahisi. Inatakiwa ipite katikati ya rejeta iondoe joto. Ikikuta bati mbele, inapungua. Na hiyo kidogo inayoingia, ikikuta uwazi pembeni mwa rejeta iliyoinama, inapita huko huko. Feni nayo bila kava inazungusha hewa ile ile ya moto chini ya boneti. Ndiyo maana kwenye tambarare mshale unatulia, lakini tukishika mlima kwa gia ndogo, mzigo nyuma, mshale unapanda. Mlimani upepo wa mwendo ni mdogo, kazi yote ni ya feni. Tena huku kwetu juu maji huchemka mapema kuliko pwani. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta lazima kibane sawasawa, na hicho kimeshanunuliwa kipya.

Fedha zimekwenda wapi? Pampu ya maji mpya. Mkanda mpya. Halafu thamostati ikang'olewa, ati inazuia maji. Kidude kile kazi yake ni kuifanya injini ipate joto lake na kulishika, hakileti hewa kwenye rejeta. Kuking'oa ni kumvua mgonjwa viatu kwa sababu anaumwa kichwa. Kirudishwe.

Na ule mtindo wa kubeba madumu ya maji na kumwaga kila kona, tunasema basi. Maji baridi kwenye injini yenye moto mkali hupasua silinda hedi. Utingo wetu alifungua kifuniko kikiwa cha moto, mvuke ukamchoma mkono, kovu analo mpaka leo. Mwezi wa nne mama mjamzito alikaa gizani mlimani kwa muda wa saa mbili, uchungu umemshika, tunasubiri gari lipoe. Alijifungua salama zahanati, lakini hiyo siyo sifa yetu.

Kiongozi mmoja amesema mbele ya watu kwamba kunyoosha bodi ni urembo wa matajiri wa mjini. Ndugu huyo tunamheshimu, lakini hapo hapana. Bodi ya mbele ndiyo pua ya gari. Mtu aliyevunjika pua hapewi mapafu mapya.

Kazi yenyewe ni hii. Bati lile likatwe, iwekwe shoo, au wavu wa waya wenye matundu makubwa. Fremu ya mbele inyooshwe mpaka rejeta isimame wima. Litafutwe kava la feni, hata la gari bovu. Nyufa za pembeni zizibwe kwa mpira wa tyubu kuukuu. Vile vibati vyembamba vya rejeta vilivyolala vinyanyuliwe kimoja kimoja kwa kisu butu, na mbegu za nyasi zioshwe kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini. Madigadi ni ya aluminiamu, ukiyapiga yakiwa baridi yanakuwa magumu na kupasuka. Fundi anayejua huyapaka sabuni ya mche, huyapasha moto pole pole mpaka sabuni iwe nyeusi, anaondoa moto hapo hapo, ndipo anapiga kwa nyundo ya mbao. Akizidisha moto litayeyuka, maana aluminiamu haiwi nyekundu kwanza kama chuma. Fundi atakayekuja na ndoo ya puti arudishwe alikotoka.

Na aliyefunga madumu mawili na kibao cha jina la ushirika mbele ya shoo avitoe. Jina letu tunalijua.

Likichemka hata baada ya hayo, hapo tutaangalia gasketi ya hedi: mapovu kwenye rejeta, au oili iliyogeuka kama chai ya maziwa. Mpaka leo hatujaona hata kimoja.

Mkutano ni saa tatu asubuhi mbele ya ghala. Gari litakuwepo, boneti wazi, injini inanguruma. Tutaweka karatasi mbele ya rejeta ile, bati likiwa limefunguliwa. Feni ikivuta sawasawa karatasi itanata; isiponata mtajionea wenyewe. Watoto wakae mbali na feni, na akina mama wafunge vizuri khanga zao.

Katibu