Jirani yako si kontenti

Wasee, hii stori sijivunii nayo.

Mwaka jana, saa tisa usiku, jirani yangu hapa Zimmerman alikuwa kwa koridoo akiongea peke yake kwa sauti, jaketi kubwa na boksa tu. Nikafungua mlango kidogo, nikatoa simu. Sekunde 40. Sikuipandisha kwa peji yangu, lakini niliituma kwa grupu ya ploti na emoji za kucheka.

Asubuhi watoto wakaambiwa wasipite kwa mlango wake. Mama mmoja akasema amerogwa, mwingine akasema ni bangi. Kuna mwenye aliandika "mpelekeni Mathari". Hiyo hospitali iko tangu 1910, watu wanatibiwa huko na kurudi kazini, lakini sisi bado tunaitumia kama tusi. Wiki hiyo hiyo landilodi akampa notisi. Ilibidi dadake aje kumbembeleza.

Aliporudi kutoka matibabu, akanigongea. Nikajua leo napigwa. Kumbe alitaka kuazima chaja. Akasimama hapo, mikono ikitetemeka (ni dawa, si pombe, kabla uanze), kisha akasema: "Brathe, video niliiona. Nilikuwa sijalala siku nne. Ungeniambia tu nirudi ndani."

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina.

Ana baipola. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika hii, tofauti na ile siku. Na kitu chenye nimejifunza ni kimoja: muulize mtu akiwa sawa. Si usiku ule ako mbaya, hapana. Siku ya kawaida, mkianika nguo. Nilimuuliza, "Ikianza tena, unataka nifanye nini?" Alikuwa na majibu yote, ni vile hakuna mtu alikuwa ameuliza. Akinyimwa usingizi usiku mbili mfululizo, nipigie dadake, namba nikapewa. Nisibishane naye kuhusu chenye anaamini. Nisiite umati. Niongee polepole, taa ya koridoo iwake.

Najua mtauliza, na akishika kisu? Basi toka hapo, ondoa watoto, itisha usaidizi. Hakuna mtu amesema uwe shujaa. Lakini wengi wenye magonjwa ya akili hawashambulii mtu. Kwa ploti yetu wenye hurushiana chupa ni walevi wa wikendi, na sijawahi ona wakipewa notisi.

Kila tarehe 10 Oktoba tunabandika utepe wa kijani kwa profaili, mimi nikiwa mbele. Halafu jirani tunamwita "yule chizi wa juu" na salamu tunakata. Yeye huskia, jo. Kuta za hizi keja ni kama karatasi.

Ile video nilifuta, nikaomba msamaha kwa grupu ileile. Watu wawili wakajibu. Sijui nani bado anayo kwa simu.

Juzi stima ilinikatikia nikiediti. Akanitumia tokeni za mia. Bado sijamrudishia.