Nyayo bapa: wakati wa kutulia na wakati wa kwenda kwa munganga



Juma hili tuzungumze juu ya miguu. Kila mwaka kwenye masomo tunaona mtoto ambaye wakati wa rekreasio anakaa kando na kujishika miguu, wenzake wakiwa wanakimbia. Wengi wanamwita mvivu, na pa nyumba anaweza hata kupigwa sababu anachelewa kufika. Katika vikundi vyetu pia kuna mama ambaye akitoka soko la Kadutu jioni, na kupanda mlima na mzigo mgongoni, hawezi kukanyaga chini bila kukunja uso. Uvivu haumo. Mara nyingine ni unyayo ndio unaomba msaada.

Mguu, tangu kisigino hadi vidole, una mifupa 26. Upande wa ndani mifupa hiyo imepangwa kama daraja ndogo, na inashikiliwa na kamba ngumu za mwili. Daraja hilo likishuka, unyayo wote unalala chini. Waganga wanaita hali hiyo pie pla. Ukitaka kujua, lowanisha mguu na ukanyage simenti kavu. Kama alama inaonyesha unyayo mzima, bila sehemu iliyokatika upande wa ndani, mguu ni bapa.

Tuanze na watoto. Mtoto mchanga karibu kila mara ana nyayo bapa, sababu kuna mafuta chini ya mguu na viungo vyake vingali laini. Daraja linajijenga pole pole, kwa wengi kufikia miaka 6, kwa wengine hata karibu miaka 10. Mwambie mtoto asimame juu ya ncha za vidole. Kama daraja linaonekana, mguu wake unakunjika vizuri. Kama haumwi, hahitaji dawa wala kuchanjwa.

Vipi viatu maalumu? Waganga wa Texas, Marekani, walichukua watoto 129 kwa utafiti wa miaka 3, na wakatoa matokeo mwaka 1989: waliovaa viatu vya kunyoosha miguu hawakuwashinda wale ambao hawakuvaa. Kule India ya kusini, mwaka 1992, waganga walipima nyayo za watoto 2.300. Nyayo bapa zilionekana kwa watoto 8,6 kwa mia waliozoea viatu, na 2,8 tu kwa mia waliotembea bila viatu. Kwa hiyo, mama, mtu akikuambia ununue viatu vya bei kali kwa mtoto asiyeumwa, makuta yako yanunue madaftari na chakula. Acha acheze bila viatu mahali pasafi, pasipo vyupa na uchafu. Lakini mtoto anayelalamika kila siku, ao ambaye daraja halionekani hata akisimama juu ya vidole, apelekwe kwenye kituo cha afya.

Kwa sisi wakubwa hali ni tofauti. Nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo cha mguu inapita kamba moja ngumu inayovuta daraja juu. Ikichoka ao ikiumia, daraja linashuka, na maumivu yanaanza upande wa ndani wa kifundo. Inapata zaidi wanawake waliopita miaka 40, na wale wenye uzito mkubwa, ugonjwa wa sukari ao tansio. Wakati wa mimba pia miguu inaweza kushuka, sababu uzito unaongezeka na kamba za mwili zinalegea.

Tufanye nini pa nyumba?

Kwanza, pumzika. Ukiuza sokoni, tafuta kiti, usisimame siku nzima. Gawanya mzigo mara mbili.

Pili, weka baridi kwa dakika 15: barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, ao kitambaa kilicholowa maji baridi. Mwenye sukari ambaye miguu yake imepoteza hisia asiweke barafu wala maji ya moto, anaweza kujichoma bila kusikia.

Tatu, angalia kiatu. Kisigino chake kiwe kigumu na chini kisipindike kama karatasi. Sandali zilizoisha upande wa ndani zinaongeza maumivu. Kipande laini kinachoinua upande wa ndani wa unyayo, ndani ya kiatu kilichofungwa vizuri, kinasaidia wengi.

Nne, mazoezi. Simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, goti limenyooka. Egemea ukuta mpaka usikie shavu la mguu linavutika. Hesabu 30, mara 3 kila mguu, asubuhi na jioni. Kisha kaa, tandika kitambaa chini na ukivute kwa vidole vya mguu. Maumivu yakipungua, shika ukuta na uinuke juu ya vidole mara 10. Zoezi likiongeza maumivu, acha.

Dawa za kutuliza zisinywewe ovyo, zaidi kwa mama mwenye mimba ao mwenye vidonda vya tumbo. Uliza muuguzi kwanza.

Usingoje nyumbani kama mguu mmoja tu umeanza kulala hivi karibuni, kama huwezi kuinuka juu ya kidole kwa mguu huo, kama umevimba na una moto, kama unapoteza hisia, ao kama una sukari na kidonda chini ya mguu. Kamba ile ikitunzwa mapema, mguu unaweza kupona bila kupasuliwa. Ikiachwa miaka, mguu unakuwa mgumu na matunzo yanakuwa ya shida na ya bei.

Siku ya kikao cha kikundi, lete beseni la maji. Kila mama akanyage simenti na aangalie alama ya mguu wake na ya watoto wake. Na yule mtoto anayekaa kando, muulizeni kwanza anaumwa wapi, mbele ya kumwita mvivu.